Dar El Bacha, Marrakech: namna ya kulitembelea kasri na kunywa kahawa yake kwa utulivu

Wengi wanaofika Dar El Bacha wamevutwa na picha moja ya Bacha Coffee, mkahawa ulio ndani ya kasri hilo: buli la rangi ya dhahabu, kikombe, na kibakuli cha krimu pembeni. Wanapanga foleni, wanaketi, wanapiga picha, wanaondoka. Nyumba waliyoipita wakielekea mezani wameiona kwa jicho la pembeni tu. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka vyote viwili, na ushauri wake mkubwa ni mmoja: panga ziara yako kwa ajili ya kasri, na kahawa iwe mapumziko yako ndani ya kasri hilo. Ukipanga hivyo, hata muda wa kusubiri meza unakuwa wa faida.

Anza na mwenye nyumba

Usiende bila kumjua aliyeijenga. Dar El Bacha ni nyumba ya pasha, yaani gavana wa mji, na pasha huyo aliitwa Thami El Glaoui. Alizaliwa mwaka 1879 huko Telouet, katika milima ya Atlasi, kwenye ukoo wa machifu wa Kiamazigh (Waberberi) waliokuwa wakishikilia njia ya misafara inayovuka milima hiyo. Kasri lilijengwa mwaka 1910 ndani ya medina, yaani mji wa kale wa Marrakech wenye kuta nyekundu. Miaka miwili baadaye Wafaransa waliifanya Moroko nchi lindwa, na El Glaoui akachagua kuwa upande wao. Malipo yake yakawa madaraka: alikuwa pasha wa Marrakech kuanzia 1912 hadi mwanzoni mwa 1956. Wazungu walimwita Bwana wa Atlasi.

Humo ndani alikuwa akikaribisha wakubwa wa dunia. Winston Churchill, aliyependa sana kuuchora mji huu kwa rangi, alikuwa rafiki yake, na mwaka 1953 alimwalika London kwenye sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Mwaka huohuo, tarehe 20 Agosti, Wafaransa walimwondoa kwenye kiti Sultani Mohammed V, na El Glaoui ndiye aliyekuwa mbele katika kulisukuma jambo hilo. Sultani alipelekwa Corsica, kisha Madagascar. Msomaji wa Uganda ataisikia hadithi hii kwa sikio la pekee, maana miezi mitatu tu baadaye, Novemba 1953, Waingereza walimfukuza Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, na kumpeleka Uingereza. Wote wawili walirudi makwao mwaka 1955, Kabaka Oktoba na Sultani Novemba, na kote kuwili umati uliojitokeza barabarani uliwaonyesha wakoloni kwamba mchezo umekwisha.

Kabla Sultani hajarudi nyumbani, El Glaoui alikwenda kumpigia magoti karibu na Paris na kuomba msamaha. Alisamehewa. Alifariki Januari 1956, na Moroko ikapata uhuru Machi mwaka huohuo. Mali zake zikataifishwa. Desemba 2017 kasri lilifunguliwa kuwa makumbusho, likiwa chini ya taasisi ya kitaifa inayosimamia makumbusho ya Moroko, na likapewa kazi ya kuonyesha jinsi tamaduni na dini mbalimbali zilivyokutana katika nchi ile.

Nasisitiza habari hizi kwa sababu bila hizo utaona uzuri mtupu. Utajiri uliolipia kazi ya mafundi wale ulitokana na kodi zilizotozwa makabila ya milimani na hisa katika migodi ya madini, chini ya ulinzi wa bunduki za Kifaransa. Unapoikanyaga sakafu ile, ni haki kuwasifu mafundi kwa moyo wote na wakati huohuo kukumbuka nani aligharamia.

Kabla ya kutoka hotelini

Chagua siku yoyote isipokuwa Jumatatu, kwani siku hiyo makumbusho hufungwa. Siku nyingine milango hufunguliwa saa 4 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Mlangoni utaona imeandikwa 10:00 na 18:00. Mwezi wa Ramadhani ratiba za Moroko nzima hubadilika, kwa hiyo ulizia hotelini siku moja kabla. Kumbuka pia kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka Moroko iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 2, hivyo mgeni aliyetua jana kutoka Nairobi au Dar es Salaam huamka mapema bila kupenda. Itumie nafasi hiyo. Uwe mlangoni nusu saa kabla ya kufunguliwa.

Beba pesa taslimu. Dirhamu hupatikana ndani ya Moroko, uwanja wa ndege au kwenye mashine za benki mjini, na dola 1 hubadilishwa kwa dirhamu 9 hadi 10 hivi. Watu wawili wanaotaka kuingia, kunywa kahawa ya kawaida na kula kitafunwa kimoja kimoja wawe na dirhamu 400 hadi 500 mkononi ili wasibanwe. Noti ndogondogo zitakufaa zaidi kuliko noti kubwa, kwa tiketi na kwa teksi pia.

Vaa viatu vya kutembelea, maana utasimama sana na sakafu ni ya mawe. Hakuna sharti la kujifunika kichwa, lakini medina ni makazi ya watu, si uwanja wa maonyesho. Mavazi ya heshima kama ambayo ungevaa Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu yanatosha kabisa. Begi liwe dogo.

Njia ya kufika

Anayetoka Casablanca apande treni; mwendo ni chini ya saa 3 na stesheni ya Marrakech iko mji mpya. Kutoka hapo, au kutoka hoteli yoyote ya mji mpya, chukua teksi ndogo na umwambie dereva Bab Doukkala, lango la medina lililo karibu, au Dar El Bacha moja kwa moja. Mwombe awashe mita. Akikataa, mpatane bei kabla hujafunga mlango, na kama bei haikuridhishi shuka kwa adabu. Teksi nyingine iko nyuma yake.

Aliye Jemaa el-Fna, ule uwanja mkubwa wa watambaji hadithi, wapiga ngoma na wauza vyakula, anaweza kutembea kwa miguu. Ni robo saa kwa mtu asiyesimama dukani, na sijui nani anaweza kupita masoko yale asisimame. Shika uelekeo wa kaskazini kupitia mtaa wa Mouassine. Tembea upande wa kulia wa kichochoro, kwa sababu pikipiki hupita humo zikiwa na kasi na honi yao hulia zikiwa tayari mgongoni mwako.

Njiani kijana anaweza kukuambia kwamba barabara imefungwa, au kwamba makumbusho hayafunguliwi leo, kisha ajitolee kukuongoza kwingine. Mjibu kwa upole, “La, shukran,” uendelee na safari yako. Ukipotea kwelikweli, muulize mwenye duka aliyeketi dukani kwake. Yeye haondoki kwenye biashara yake, kwa hiyo atakunyooshea kidole tu. Na usiache kuanza na salamu. “Assalamu alaykum” ya msafiri kutoka pwani yetu hufungua nyuso za watu wazima wa Marrakech, na ukishaitikiwa mazungumzo hubadilika kabisa. Watakuuliza unatoka wapi. Ukisema Tanzania, jiandae kuzungumzia mpira: Simba imeshakutana na Wydad na Raja za Casablanca, na mwaka 2025 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane. Wamoroko wanazikumbuka mechi hizo.

Muislamu anayetaka kuswali ana msikiti wa Bab Doukkala karibu na hapo, uliojengwa karne ya 16 kwa amri ya Lalla Masuda, mama wa Sultani Ahmad al-Mansur. Asiye Muislamu atautazama kutoka nje, kwani misikiti mingi ya Moroko hairuhusu wageni wasio Waislamu kuingia.

Mlangoni: foleni mbili, si moja

Hapa ndipo wageni wengi huchanganyikiwa. Kuna foleni ya tiketi ya makumbusho, na kuna orodha ya kusubiri meza ya mkahawa. Mkahawa uko ndani ya kasri, kwa hiyo huwezi kuufikia bila tiketi ya makumbusho, hata kama shida yako ni kikombe kimoja tu. Tiketi pia haikupi meza. Ni mambo mawili tofauti.

Fanya hivi. Nunua tiketi. Ukishaingia, usianze kupiga picha. Nenda kwanza moja kwa moja hadi mapokezi ya mkahawa, taja mko wangapi, ujiandikishe. Ukiwa miongoni mwa wa kwanza kabisa asubuhi, huenda wakataka kukuketisha palepale. Kama hujala kifungua kinywa, kubali. Kama umeshakula, mimi ningependekeza uombe kuandikwa kwa baadaye kidogo, ili uuone ua wa kasri kabla haujajaa watu. Saa ile ya kwanza baada ya kufunguliwa ndiyo ya thamani kuliko zote: jua bado ni la mshazari na sauti ya maji inasikika.

Ukifika mchana, kusubiri kunaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Hapo watu hukasirika, husimama wamekunja mikono mbele ya mhudumu, muda unaenda. Usiwe mmoja wao. Muda huo ndio wa kuisoma nyumba, na nyumba hii haisomeki chini ya saa nzima.

Kuisoma nyumba

Kwanza tazama ulivyoingia. Kutoka barabarani uliona ukuta mrefu usio na pambo la maana. Kisha njia ikapinda kabla ya kukufikisha uani, ili mpita njia asiweze kuchungulia ndani hata mlango ukiwa wazi. Mwenye kuzijua nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar ataielewa akili hii mara moja: faragha ya watu wa ndani kwanza, na fahari huwekewa yule aliyekaribishwa.

Kisha unatokea uani. Ni ua mpana, una chemchemi ya kujengwa katikati, vijia vinaugawa, na miti ya michungwa imesimama katika sehemu zake. Bustani ya sehemu nne yenye maji katikati ni mpango wa kale wa nchi za Kiislamu, unaoikumbusha bustani ya peponi na mito yake. Wamuri, yaani Waislamu wa Maghreb na Andalusia, waliuendeleza kwa karne nyingi pande zote mbili za bahari, na mafundi wa Marrakech wa mwaka 1910 walikuwa bado wanaufuata.

Sasa chagua ukuta mmoja. Mmoja tu. Anzia chini, macho yapande taratibu.

Chini kabisa hadi usawa wa kifua au bega kuna zelliji, vigae vidogo vya udongo vilivyotiwa rangi ya kung'aa. Sogea karibu kiasi cha kuona kipande kimoja kimoja, bila kugusa. Utaona kwamba nyota unayoiona ukiwa mbali si mchoro uliochapwa juu ya kigae kikubwa. Ni vipande tele, kila kimoja kina umbo lake, kila kimoja kimekatwa kwa mkono. Fundi huchukua kigae cha mraba kilichokwisha chomwa, huchora umbo juu yake, kisha hukiegemeza na kukikata kwa nyundo nzito yenye makali pande zote mbili, akigonga kidogo kidogo mpaka umbo lijitokeze. Kipande kikivunjika vibaya hutupwa. Baada ya hapo mpangaji huvilaza vipande kifudifudi, uso wa rangi ukiwa chini, kwa hiyo anapopanga haoni rangi bali migongo ya udongo tu. Mchoro wote uko kichwani mwake. Vikishakamilika humwagiwa lipu kwa nyuma, bamba linashika, linainuliwa na kubandikwa ukutani. Hapo ndipo yeye mwenyewe anapouona uso wa kazi yake kwa mara ya kwanza.

Tazama hasa nguzo za uani, namna vipande vilivyozungushiwa. Ukuta ulionyooka husamehe kosa dogo. Nguzo haisamehi, kwa sababu mstari unaoanza upande mmoja lazima urudi ukutane na wenyewe. Zungukia nguzo moja polepole utafute pale mwanzo na mwisho vilipokutana. Mara nyingi hutapaona.

Juu ya zelliji inaanza lipu ya kuchonga. Hii ni kazi ya haraka na ya subira kwa pamoja: lipu hupakwa nene ukutani, mchoro huwekwa, na fundi huanza kuchonga kabla haijakauka kabisa. Chagua ua moja lililojirudia kwenye upinde, kisha tafuta pacha wake upande wa pili. Yanafanana, lakini ukitulia utaona jani moja limeingia ndani zaidi, jingine limekatwa kwa mshazari kidogo tofauti. Hapo unauona mkono wa mtu. Jua linapokuwa la pembeni, mchongo wote hutoa vivuli na ukuta mweupe hugeuka kuwa na rangi mbili. Wazee wetu wa Lamu walifanya jambo la undugu na hili katika karne ya 18 kwa chokaa ya matumbawe, kwenye zile kuta za zidaka za kuwekea vyombo vya kauri. Vifaa ni tofauti na mchoro ni tofauti, ila nia ni ileile ya kuufanya ukuta mweupe ushike mwanga.

Juu kabisa ni mbao za mwerezi kutoka milima ya Atlasi, zilizochongwa na kupakwa rangi maua na nyota. Dari za vyumba vinavyozunguka ua ndizo zinazosahaulika kuliko kitu chochote humu, kwa kuwa wageni wanaingia vyumbani wakitazama makabati ya maonyesho. Kila uingiapo chumba, kabla hujatazama kabati lolote, simama katikati uinue kichwa. Hesabu pumzi chache. Kisha tazama milango: mabao mawili makubwa yanayofika juu sana, na ndani ya bao kuna kilango kidogo cha kupita mtu mmoja. Mlango mkubwa ulifunguliwa kwa sherehe na kwa kuingiza hewa. Kilango ndicho cha kila siku.

Pita pia ua mdogo na sehemu iliyokuwa ya wanawake. Ni pembamba zaidi na pametulia. Mwanga hauingii kwa wingi kama kwenye ua mkubwa, na ndiko utakapoelewa kwamba kasri hili lilikuwa makazi ya watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa kwenye vitabu vya wageni mashuhuri: wake, watoto, watumishi, wapishi.

Kuhusu maonyesho yenyewe sisemi mengi, kwa sababu hubadilishwa. Maelezo huandikwa kwa Kiarabu na Kifaransa, na maandishi ya Kiamazigh utayaona kwenye mabango. Picha za simu hazina tatizo. Zima taa ya kamera, na usimpige picha mfanyakazi bila kumwomba.

Mkahawani

Jina lako likiitwa, utaingizwa kwenye vyumba vya Bacha Coffee vilivyo kando ya ua wao mdogo. Sakafu ni ya mawe meusi na meupe, meza zimetandikwa, vyombo ni vya kifahari. Ukipewa nafasi ya kuchagua na hali ya hewa ni nzuri, omba meza ya uani. Mchana wa Julai au Agosti, joto la Marrakech likipita nyuzi 40, omba ndani.

Jambo moja uliweke sawa ili uipe kila kitu thamani yake. Ile 1910 unayoiona kwenye mabuli na makopo ni mwaka wa kasri. Kampuni inayouza kahawa ni ya karne hii, ina makao Singapore, na maduka yake unayakuta hata Dubai. Wasomaji mlioko Ghuba mnaweza kunywa kahawa ileile bila kupanda ndege ya Moroko. Kisichopatikana Dubai ni zile nguzo ulizotoka kuzizungukia, na hiyo ndiyo sababu nimekufikisha mezani ukiwa umeshaziona.

Orodha ya kahawa ni kitabu. Kuna zaidi ya aina 200, zote za arabika, zimepangwa kwa makundi: za shamba au nchi moja, zilizochanganywa, zilizotiwa ladha za matunda na viungo, na zilizotolewa kafeini. Usijaribu kuisoma yote. Nenda kwenye kundi la nchi moja na ufungue upande wa Afrika.

Hapo ndipo mtu wa Afrika Mashariki anapokuwa na la kusema kuliko mgeni mwingine yeyote pale. Arabika asili yake ni Ethiopia. Kahawa ya Kenya, inayolimwa kwenye udongo wa volkano kuzunguka Mlima Kenya, ina ukali wa matunda unaochangamsha ulimi. Ya Kilimanjaro ni laini zaidi, na nyuma yake kuna historia ya wakulima wa Kichaga walioanzisha chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933 wakati mkoloni bado yupo. Robusta ya Bukoba usiitafute humu, maana nyumba hii haiuzi robusta. Watoto wa walimaji kahawa wengi hawajawahi kuinywa ile bora, kwa sababu hufungwa magunia na kupelekwa nje kabla hawajaionja. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mkiwa wawili, mmoja aagize ya kwetu na mwingine aagize ya Ethiopia, mfano ile ya Sidamo, kisha mbadilishane vikombe. Mhudumu ukimuuliza ipi nyepesi na ipi nzito, atakueleza bila kukuharakisha.

Tazama bei kabla ya kunyoosha kidole. Kahawa za kawaida zina bei inayovumilika kwa mahali pa namna ile, lakini katika kitabu hichohicho zimo zilizo ghali mara nyingi zaidi, na zimeandikwa kwa herufi zilezile.

Kahawa huja kwenye buli, si kikombe, na buli moja linatoa vikombe viwili au zaidi. Mtu na mwenzake wasio wanywaji wakubwa wanaweza kuanza na moja. Pembeni utaletewa krimu iliyopigwa, vanila ya unga na sukari ya chenga. Kikombe cha kwanza kinywe kitupu, bila kitu. Wewe uliyelelewa na kahawa chungu ya barazani, ya tangawizi, kwa kashata na vikombe visivyo na mkono, hutashindwa. Ukishaijua ladha yake halisi, kikombe cha pili weka krimu kidogo na vanila uone inavyogeuka. Watu wanaoanza na krimu hawajui wamekunywa nini.

Vitafunwa ni mikate ya Kifaransa, keki na vyakula vyepesi. Kruasanti inatosha. Chakula cha mchana ningekila kwingine, kwenye tajini ya mtaani, yaani mchuzi wa chungu, inayochemka taratibu juu ya mkaa, kwa bei ya chini sana na ladha ya Marrakech yenyewe. Wala usidhani hivi ndivyo Wamoroko wanavyokunywa kila siku. Nyumbani kwao ni chai ya majani ya mnanaa yenye sukari nyingi, na kwenye migahawa ya mitaani ni kahawa iliyochanganywa nusu kwa nusu na maziwa, kwenye glasi ndogo. Jioni ya siku hiyohiyo nenda ukakae kwenye mgahawa wa aina hiyo pia, uwe umezijua kahawa mbili za mji.

Kama orodha ya kusubiri meza ni ndefu na ndege haikusubiri, kuna kaunta ya kununua kahawa ya kubeba. Utakosa buli na meza, lakini kahawa ni ileile.

Kutoka, na pa kwenda baada ya hapo

Duka lao linauza kahawa iliyopakiwa kwenye makopo na vifuko. Kwa zawadi, chukua vifuko vichache vya aina tofauti badala ya kopo moja kubwa. Ukinunua punje au ya kusagwa, mweleze muuzaji chombo unachotumia nyumbani ili akusagie inavyostahili. Kahawa ya Kilimanjaro usibebe kuipeleka Moshi. Iagize shambani ukirudi, utaipata mbichi na pesa itabaki kwa mkulima.

Usirundike majumba mengi siku moja, macho huchoka na zelliji huanza kufanana. Nikichagua kimoja cha kuongeza ni madrasa ya Ben Youssef, mwendo mfupi kwa miguu kuelekea mashariki: shule ya karne ya 16 iliyojengwa kwa ajili ya wanafunzi wa dini. Hapo utaona zelliji, lipu na mwerezi kwa mpangilio uleule wa chini, kati na juu, miaka zaidi ya 300 kabla ya pasha kuanza kujenga. Mwenye nafasi ya siku ya pili aende kasri la Bahia, la mwishoni mwa karne ya 19, asubuhi mapema kabla mabasi ya watalii hayajashusha.

Ukiwa umechoka kutembea, usirudi katikati ya masoko kutafuta usafiri. Toka kuelekea Bab Doukkala, nje ya lango kuna barabara kubwa na teksi zinapita. Simama upande unaoelekea uendako, maana dereva akilazimika kuzunguka, bei nayo hupanda.